Upatu wa Jua

1

Mgongo wa Yunisi ulikuwa na madirisha.

Adelina Ntandu aliyaona alipomfungulia mtoto vifungo vya gauni ili amkague uti wa mgongo, kwa mara ya kwanza tangu jaribio lianze. Yalikuwa mabaka ya mraba, yamepangwa safu mbili kutoka mabegani hadi kiunoni, meusi kuliko ngozi iliyoyazunguka, kama vigae vya sakafu. Aligusa moja kwa kidole. Kisha akamfunga mtoto vifungo haraka na kugeukia beseni, akanawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi, maana mama yake Yunisi alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango na Adelina hakutaka auone uso wake.

Alama zile hazikupaswa kuwapo. Kizibao cha Yunisi kilikuwa cha taa tupu.

Kwa mwaka mzima wa jaribio hakuna mtu pale kituoni aliyejua ni watoto gani waliopewa vizibao vyenye mwanga wa kweli na ni wepi waliopewa vizibao vinavyowaka na kupata joto tu. Siri ile ilifungwa mbali ili daktari asimpendelee mtoto, wala mzazi asijidanganye. Adelina alifunguliwa siri hiyo wiki hii kwa sababu kazi yake ilikuwa kukokotoa matokeo. Alikuwa ametoka chuo kabla tu ya jaribio kuanza, hii ndiyo ajira yake ya kwanza, na walimchukua kwa kuwa alizaliwa hapahapa Singida na wakaamini atawaelewa akina mama. Watoto walimwita Dada Mbu, kwa ajili ya tone la damu alilowachukua kila mwezi. Alilipenda jina hilo kuliko cheo chake.

Yunisi alishuka kitandani taratibu, akitanguliza mguu wenye goti lenye nafuu. Alikuwa na miaka minane na alishuka kama bibi.

Nje anga lilikuwa jeupe, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Pazia lilitandazwa Adelina akiwa darasa la pili, baada ya miaka ile ya joto ambayo ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama na wazee walikufa wakiwa wamelala. Lilikuwa utando mwembamba ulioshikiliwa juu na maputo, kutoka Manyoni hadi Iramba na kwingine asikowahi kufika. Mvua ilirudi, uwele ukarudi, watu wakaacha kuzika kila juma. Hakuna aliyelichukia Pazia. Watoto waliozaliwa chini yake hawakuwahi kuona kivuli chao kimelala chini kikiwa na kingo, na hawakukikosa. Alizeti tu ndiyo iliyochanganyikiwa: shamba zima, kila ua limetazama upande wake, kama watu waliogombana.

Lakini mwale unaochoma ngozi ndio huohuo unaoifanya ngozi itengeneze vitamini D, na Pazia lilikuwa limeuzuia. Serikali iliongeza vitamini hiyo kwenye unga, na kwa watu wengi unga ulitosha. Haukuwatosha watoto kama Yunisi, ambao kinga ya mwili wao imekosea adui na kuvishambulia viungo vyao wenyewe. Kila walipopimwa, kiwango chao kilikuwa chini ya cha wenzao. Asubuhi waliamka wamekakamaa, magoti yamevimba kama mabungo, vidole havikunjiki kushika kijiko. Je, ukosefu wa jua ndio uliouzidisha ugonjwa, au ugonjwa ndio uliowafungia ndani wakose hata kile kidogo? Hakuna aliyejua kwa hakika. Wazazi waliiomba Mamlaka ya Pazia ifungue dirisha moja tu juu ya uwanja wa kituo, saa moja kila asubuhi. Mamlaka ikajibu kwamba kila tundu hulidhoofisha Pazia lote. Leteni ushahidi kwanza.

Ushahidi ndio vile vizibao, ambavyo nusu yake vilitoa mwale uleule wa jua. Na hesabu za Adelina, alizozirudia hadi macho yakamwuma, zilionyesha kwamba watoto wa mwanga na watoto wa taa tupu walikuwa wamepanda kiwango kidogo, sawasawa, bega kwa bega kama mapacha. Dakta Mwaipaja, mkuu wa jaribio, alizisoma, akavua miwani. Kisha akasema kwamba wakati mwingine dunia hukujibu hapana, na Alhamisi itabidi waiambie kamati ya Mamlaka kuwa mwanga hausaidii.

Adelina aliamini. Aliamini hadi alipouona mgongo wa Yunisi.

2

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa mama Yunisi bila kutoa taarifa, na akajikuta amefika kwenye shughuli.

Akina mama wa kituo walikuwa wamejaa uani. Wengine walichambua mlenda, wengine walikoroga uji. Walipomwona walinyamaza wote kwa pamoja, kisha wakaanza kuongea wote kwa pamoja, wakimkaribisha kwa sauti kubwa kupita kiasi. Mama Msengi, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, alimwuliza kama leo tena amekuja kunyonya damu, kwa maana watoto wamekwisha kula na damu ni nzuri. Wenzake wakacheka. Adelina aliwaamkia wakubwa mmoja mmoja, akapewa kigoda, na hapo ndipo alipowaona watoto.

Walikuwa wameketi kwenye mikeka wawili wawili, mgongo kwa mgongo. Kila jozi ilikuwa na kizibao kimoja. Mmoja alikivaa mwilini, na vipande vyake vya taa, vya mraba, vilikuwa vikimulika zambarau hafifu. Mwenzake hakuvaa kitu, ila mkononi alikuwa amefungwa mkanda wa kizibao hicho.

Adelina alihitaji muda kidogo kuelewa, ingawa mtambo ule aliufahamu hadi nyaya zake. Kila moyo una mwendo wake, kama watu wanavyotofautiana kutembea. Mkanda wa kizibao ulisoma mapigo ya mwenye nacho, na ukikutana na moyo mgeni, taa zilizimika. Ndivyo walivyohakikisha kwamba hakuna atakayetumia mwanga wa mwenzake. Lakini mtu fulani mwenye huruma, wakati wa kuvibuni, aliufanya uzi wa mkanda uwe mrefu, ili mtoto mwenye vidole vilivyovimba afungwe bila kukunjwa mkono. Kwa uzi ule mrefu mtoto mmoja alitoa mapigo, na mwenzake akapokea mwanga.

Katika kumbukumbu za mtambo kila kizibao kilikuwa kimetumiwa na mwenyewe, kila siku, bila kukosa.

Msengi, mvulana wa mama mwenye ulimi mkali, ndiye aliyekuwa na mkanda. Aliyevaa kizibao chake alikuwa Yunisi. Alimpungia Adelina mkono, akamwambia Dada Mbu akae, zamu yao iko karibu kwisha.

Mama Yunisi alikuja na bakuli la uji, akampa kwa mikono miwili, akaketi chini kando ya kigoda. Hakukana kitu. Alieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Mwanzoni, alisema, migongo ya watoto wengine ilikuwa nyeusi na ya wengine ikabaki kama ilivyo. Wakajua nani amepata jua na nani amepata jiko. Watoto wenyewe ndivyo walivyoviita, vya jua na vya jiko. Basi wakafanya kama wanavyofanya kwa vitu vyote visivyotosha. Wakaanzisha upatu. Kila mwenye kizibao cha jua akapangiwa mwenzake wa jiko, leo huyu kesho yule. Yeye mama Yunisi akachaguliwa kijumbe, wa kupanga zamu na kuamua ugomvi. Ugomvi haukuwapo.

Adelina aliuliza kama hawakukumbuka maelezo ya siku ya kwanza. Walikuwa wameelezwa kwa Kiswahili na kwa Kinyaturu kwamba nusu ya vizibao havitakuwa na kitu, na kwa nini. Waliulizwa kama wameelewa, na wote wakaitikia.

"Tulielewa," mama Yunisi alisema. "Mlikuwa wageni, mmetoka mbali, mmetuletea watoto wetu kitu. Mgeni huwezi kumwambia hapana mbele ya watu. Tukaitikia. Kisha tukatoka nje, tukakaa, tukaongea."

"Mngetuambia."

"Mngevichukua."

Hilo lilikuwa kweli, na Adelina akanywa uji. Kisha, kwa sauti aliyoitaka iwe ya upole na ikatoka kama ya darasani, akawaeleza walichokifanya. Nusu ya mwanga haikumpa mtoto nusu ya nafuu. Iliwainua wote kidogo, wote wakabaki chini ya mstari wa kiwango kinachotakiwa. Na kwa kuwa wote walikuwa sawa, hakukuwa na namna ya kuona kwamba mwanga una kazi. Aliyepewa na aliyenyimwa walifanana. Alhamisi kamati ingeambiwa kwamba jua halina faida kwa watoto wao, na dirisha lisingefunguliwa, si mwaka huu wala ujao, si Singida wala kwingine.

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Ngoja nikuelewe, dada," mama Msengi alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Mwanangu alipata cha jua tangu mwanzo. Magoti yake yalianza kunywea, nikayaona kwa macho yangu. Aliruka kamba. Kisha nikamwambia avue, ampe mwenzake, maana yule binti alikuwa analia akichuchumaa chooni. Akavua. Magoti yakarudi kuvimba. Sasa unaniambia nilikosea?"

"Hukukosea, mama."

"Ila?"

"Ila kama usingetoa, wangetuamini."

Mama Msengi aliondoka kwenda kumfungua mwanawe mkanda. Vidole vyake vilikuwa vizima kabisa lakini alishindwa na kifungo.

3

Jumatatu Adelina alimweleza Dakta Mwaipaja. Alimweleza akiwa amesimama, na alikuwa na hakika kwamba akishasikia atafurahi, kwa sababu habari ile ilimaanisha kwamba mwanga huenda unasaidia.

Hakufurahi. Aliinuka akafunga mlango. Alimkumbusha kilichoandikwa katika makubaliano, maana wote wawili walikuwepo yalipoandikwa: familia itakayovunja masharti itatolewa kituoni, na ikitolewa inapoteza vyote, hata sindano ya kila mwezi, ile inayoizuia kinga isitafune viungo. Sindano zile zilikuwa za jaribio. Hospitali ya kawaida haikuwa nazo. Kwa hiyo Adelina akisema, jaribio litahesabika limeharibika, nalo hurudiwa. Watoto watakaozaliwa baadaye huenda wakapata dirisha. Lakini hawa wa leo watakosa sindano. Akinyamaza, hawa wataendelea nazo hadi mwisho wa mkataba, na jaribio litahesabika limejibu. Swali lililojibiwa hakuna anayelilipia tena.

Adelina alisema lazima kuwe na njia ya tatu. Dakta alikuwa mtu mwema, na labda ndiyo sababu alimjibu kwa upole. Alimwambia kwamba naye alipokuwa na umri wake aliitafuta sana njia hiyo.

"Binti yangu, mimi leo sijasikia kitu," alisema hatimaye. "Ukikisema Alhamisi nitakisikia. Usipokisema, nitastaafu bila kukijua. Sitakuamulia, na naomba usinichukie kwa hilo."

Alimchukia kidogo, kutoka mlangoni hadi getini. Kisha akamwonea huruma, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

Chuoni waliwahi kufundishwa maadili ya utafiti. Swali la mtihani lilikuwa na mtoto asiye na jina na ukweli usio na mama. Adelina alikuwa amelipata lote.

Jioni alirudi kwa akina mama, kwa sababu aliona hana haki ya kuchagua peke yake juu ya watoto wasio wake. Aliwaeleza pande zote mbili bila kupendelea. Aliwaambia wakisema nyamaza, atanyamaza. Walijadiliana Kinyaturu, kwa kasi, wengine wakilia bila kusimamisha maneno. Mmoja alisema watoto watakaozaliwa baadaye watakuwa na mama zao wa kuwatetea. Mwingine akamjibu kwamba yeye ana mimba, na je, mwanawe huyu atatetewa na nani? Mama Msengi alisema yeye amekwisha kutoa mara moja, asiulizwe tena.

Mama Yunisi hakuongea hadi wote walipochoka.

"Upatu ukivunjika," aliuliza, "huwa anafuatwa nani?"

Kila mtu alijua. Anafuatwa kijumbe. Wanachama husimama pembeni.

"Basi andika jina la kijumbe," alimwambia Adelina. "Sema nilizipanga zamu mimi, niliwashawishi mimi. Wengine huwajui."

Adelina alianza kukataa. Mama Yunisi alimshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, kama anayemtuma dukani, kwamba asimwongezee kazi ya kumbembeleza.

4

Kamati ilikaa Alhamisi katika ukumbi wenye viyoyozi. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo kutoka Dodoma, mpole, anayeweka kalamu chini anaposikiliza. Adelina alisema yote. Alieleza mkanda mrefu, mikeka, watoto mgongo kwa mgongo. Alionyesha jinsi mistari miwili ya matokeo ingeachana kama kila mtoto angebaki na chake, na akasema kwa uangalifu kwamba hilo ni kadirio. Walipomwuliza majina, akataja moja. Walipomwuliza mengine, akasema hayajui. Huo ndio ulikuwa uongo wake pekee siku ile, na mwenyekiti aliutambua, maana alitabasamu kidogo na kusema kwamba hata ofisini kwao wanacheza upatu, na kijumbe wao ni mkali.

Kwa muda mfupi Adelina aliamini kwamba watu hawa wataelewa. Aliziona nyuso zao zimelegea. Mjumbe mmoja alipangusa macho.

Kisha wakaamua. Jaribio limeharibika na litarudiwa kuanzia mwanzo. Uamuzi kuhusu dirisha unasubiri. Ili kosa lisijirudie, kila mtoto atakaa katika chumba chake mwenyewe bwenini, akina mama watawaona kupitia kioo, na uzi wa mkanda utafupishwa. Nusu ya watoto watapewa mwanga, nusu taa tupu, kwa kura. Familia zote zitaendelea isipokuwa ile iliyotajwa. Mwenyekiti alimpongeza Adelina kwa uaminifu, na kwa kuwa hakuna anayewafahamu watoto kama yeye, akapendekeza ndiye atakayesimamia kura. Wajumbe wakaafiki kwa makofi. Dakta Mwaipaja, ambaye sasa alikuwa amesikia, alitazama meza.

Adelina angeweza kukataa. Alilifikiria hilo wakati wa makofi. Lakini alijua kwamba akikataa atakuja mwingine, ambaye atawaita watoto kwa namba.

5

Kizibao kilitakiwa kurudishwa, na hakutaka kumtuma mtu.

Mama Yunisi alikuwa amekifua na kukikunja, kipo juu ya meza kimefunikwa kitambaa. Alimwuliza Adelina habari za nyumbani kwao, akamuuliza kama amekula. Kuhusu sindano hakuuliza. Ilikuwa imekwisha kupita siku yake, na Yunisi alikuwa kitandani asubuhi nzima, mikono imewekwa juu ya shuka kama vitu vya mtu mwingine.

Yunisi aliomba akivae mara moja ya mwisho. Mama yake akasema hakina jua, kinamsaidia nini, hiki ni cha jiko. Mtoto akasema anajua, ila kina joto, na asubuhi joto linamfanya aweze kufunga vifungo. Wakamvalisha. Adelina alimfunga mkanda mwenyewe. Mtambo ulisikiliza moyo wa Yunisi, ukautambua, na taa zikawaka zambarau, nzuri, hazina kitu ndani yake.

Walikaa hivyo. Taratibu vidole vya mtoto vilianza kukunjuka.

"Dada Mbu," alisema, "utampa nani?"

Adelina alisema bado hajui, watapiga kura.

"Aliyepata hiki mwambie asilie." Yunisi alikuwa akikivua mwenyewe sasa, kifungo kwa kifungo, akijivunia kila kimoja. "Mwambie akae na Msengi. Msengi hana choyo."

Adelina aliona akilini chumba cha Msengi, kilichokuwa tayari kimepakwa rangi, na mlango wake, na uzi mfupi wa mkanda wake. Akamwambia Yunisi kwamba atamwambia. Kisha akakipokea kizibao kikiwa bado na joto la mwili, akakibeba hadi nje, ambako hapakuwa na kivuli popote.